Kozi ya Masaji na Kozi ya Muziki: Uliza Kwanza Saa za Vitendo

Wiki iliyopita niliandikiwa na msomaji wa Moshi, binti aliyemaliza kidato cha nne na anayeimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika wake. Aliuliza: "Dada, nina ada ya kozi moja tu. Nisomee masaji au muziki wa awali?" Nilimjibu kwa kifupi, ila swali lake linastahili jibu refu, kwa kuwa kozi zote mbili nimezisoma hapa Arusha katika chuo kimoja, masaji asubuhi na muziki jioni. Mwezi huu nimepewa mkataba wa kudumu katika hoteli moja ya njia ya Usa River, nikakabidhiwa chumba kizima cha masaji na vijana wa kuwasimamia, na sioni sababu ya kuficha kwamba najivunia.

Jambo la kwanza kuuliza ni saa za vitendo. Chuo kitakuonyesha jengo, sare na picha za mahafali. Wewe uliza kwa wiki utakanda watu kwa saa ngapi, na kinanda kimoja kinagawanywa kwa wanafunzi wangapi. Uliza pia kama kimesajiliwa NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi ambalo zamani tuliliita NACTE, na utake kuuona usajili wenyewe badala ya kuridhika na maneno ya mapokezi. Mwajiri wangu wa sasa alikiangalia cheti kwa muda mfupi, kisha akaniambia nimkande bega yeye mwenyewe.

Miezi ya kukariri mifupa na misuli naiacha, kwa sababu kila mtu anaipita kwa namna moja: kwa usingizi. Darasa lilichangamka tulipofikishwa kwenye kitanda. Mkufunzi alitusimamisha kando yake mmoja mmoja, mkono ukining'inia na ngumi ikiwa imefungwa, kisha kitanda kikapandishwa au kushushwa mpaka kikagusana na vifundo vya vidole. Kitanda kikiwa juu zaidi ya hapo unasukuma kwa mabega, kikiwa chini unaumia kiuno. Kikiwa sawa, uzito wa mwili wako ndio unaofanya kazi. Ndipo tukafundishwa mikono, yaani namna za kukanda, ya masaji ya Kiswidi. Wengi humtaja Pehr Henrik Ling wa Sweden kuwa mwanzilishi wake, ingawa aliyeipanga mikono hiyo kwa majina yanayotumika hadi leo ni tabibu Mholanzi wa karne ya 19, Johan Georg Mezger. Unaanza kwa kiganja kizima kikielekea moyoni, taratibu, hadi misuli ipate joto. Kukanda, kusugua na kupigapiga hufuata baadaye.

Wateja wangu wengi wametoka kupanda Mlima Kilimanjaro. Kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, hadi geti la Mweka, mtu hushuka zaidi ya mita 4,000, kwa kawaida ndani ya siku mbili, na katika mteremko huo misuli ya mbele ya paja hubeba mwili huku ikivutwa. Maumivu hayaji siku hiyo. Huja kesho yake na huzidi siku ya pili. Anayekuja paja likiwa bichi namna hiyo hakandwi kwa nguvu, hata akikuomba na kukuahidi bahshishi.

Lipo jambo zito kuliko hilo. Mgeni mmoja alilala kitandani kwangu siku chache baada ya safari ndefu ya ndege, akalalamikia kigimbi. Nilipoweka mikono miguu yote miwili, mmoja ulikuwa umevimba na una joto, mwingine uko kawaida. Hiyo huweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa, na ukiikanda, kipande kinaweza kung'oka kikaenda kuziba mapafu. Nilimfunika shuka, nikamwambia aende hospitali siku hiyo hiyo. Msimamizi wangu wa wakati huo, mahali ambapo sipo tena, alinung'unika kwamba nimerudisha pesa ya mteja. Chuo kisichokufundisha ni nani asiyepaswa kukandwa hakijakufundisha kazi hii, hata kama mikono yako ni mizuri namna gani.

Katika kikao cha familia, baba mdogo aliuliza mbele ya watu kama ni kweli nimelipiwa ada nikasomee kushikashika wanaume. Watu walicheka. Bibi yangu, aliyekuwa amekaa palepale, amekanda wazazi kwa maji ya moto kwa miaka mingi, wakiwemo wake za haohao waliocheka, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali kama hilo. Bado linaniuma. Binti, swali hilo na wewe utaulizwa, nawe ujibu kwa kufanya kazi mchana, mlango ukiwa na bango linaloeleweka, mteja akiwa amefunikwa na sehemu unayoikanda peke yake ikiwa wazi. Na anayetaka kitu kingine arudishiwe pesa yake aondoke.

Kuhusu muziki, wanakwaya wengi wa huku tumelelewa na solfa, ule mfumo wa do, re, mi ulioanzishwa na Sarah Glover na kuendelezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19. Katika solfa do inahama: wimbo ukipandishwa, do inapanda nao. Kwenye mistari mitano ya kuandikia muziki kila nota ina kituo chake, na hapo ndipo wanakwaya wazoefu tulipokwama huku wasiojua lolote wakitupita. Mkufunzi alitupigisha makofi muda mrefu kabla ya kuturuhusu kugusa kinanda, na nilimchukia kwa hilo mpaka niliposikia wenzangu wa chuo kingine wakipiga nota sahihi kwa wakati usio sahihi. Kisha ikaja skeli ya C, yaani ngazi ya nota inayoanzia C: kidole cha kwanza, ambacho ni dole gumba, cha pili, cha tatu, halafu dole gumba linapita chini ya kiganja na kuanza upya.

Dole gumba hilohilo ndilo linalomstaafisha mkandaji mapema. Ukisoma kozi zote mbili, piga kinanda kabla ya kukanda na si baada yake, na kwenye misuli minene tumia kigasha na kiwiko. Kucha utazikata fupi kwa ajili ya zote mbili, jambo ambalo si dogo kwa mabinti wa mjini.

Kwa mwenye ada ya kozi moja, nasema masaji kwanza, kwa sababu inalipa mapema, na kwaya haiondoki. Atakayetaka kuufuata muziki hadi shahada, chuo kikuu cha Makumira kipo hapohapo Usa River. Atakayetaka kujifunzia nyumbani kwanza anunue kinanda cha mtumba chenye vibonye 61, ambavyo vinamtosha anayeanza. Kabla ya kutoa pesa akiwashe dukani, abonyeze kila kibonye taratibu kisha kwa nguvu, na kama sauti haibadiliki, aombe aonyeshwe kingine.