Je, nikibadilisha asilimia 30 ya ngano, kitabu kinakuwa changu?

Swali: Mimi ni mwalimu wa elimu ya awali hapa Tanzania. Nataka kuandika kitabu cha picha kutokana na ngano ya kima na papa, niliyoisoma katika kitabu cha masimulizi kilichotoka mwaka 1978. Mwandishi wake alifariki mwaka 1996. Kwenye warsha ya uandishi tuliambiwa kuwa ngano ni mali ya wote, hivyo mtu akibadilisha asilimia 30 ya maneno kitabu ni chake. Shangazi yangu naye huisimulia ngano hiyohiyo, ila yake ina wimbo na mwisho tofauti. Nifuate ipi, na je, nahitaji ruhusa ya mtu?

Jibu: Mwalimu, hiyo asilimia 30 haimo katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, wala haimo katika Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001. Ni uzushi. Nahariri vitabu vya watoto, na miswada ya ngano inayofika mezani kwangu imejaa uzushi huo: sungura kageuzwa digidigi, "akaenda" imekuwa "akaelekea", na mwandishi anaapa kwa moyo safi kwamba kazi ni yake. Siwalaumu waandishi hao. Wamefundishwa hivyo, tena kwa kulipa ada.

Wanaofundisha wanachanganya ngano na maandishi ya ngano. Papa anambeba kima baharini, anamwambia katikati ya safari kuwa sultani wao mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima, naye kima anajiokoa kwa kusema kwamba moyo ameuacha mtini. Hayo hayana mtunzi unayeweza kumtaja. Yamesimuliwa pwani yetu tangu zamani, na kisa cha namna hiyohiyo kimo katika masimulizi ya kale ya India. Askofu Edward Steere alikichapisha mwaka 1870 kama kilivyosimuliwa Unguja, akafariki mwaka 1882, kwa hiyo hata maandishi yake sasa yako huru. Mwandishi wako wa 1978 ni habari nyingine. Yeye alichagua pa kuanzia, akatunga mazungumzo, pengine akampa kima jina na familia ambayo hakuwa nayo. Hivyo alivyobuni ni vyake, na sheria inavilinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, yaani mpaka mwaka 2046. Ukibadilisha maneno huku umebakiza alichobuni, umetohoa kazi yake, yaani umeigeuza tu kuwa toleo jingine. Kutohoa kunahitaji ruhusa ya warithi wake sawa na kunakili, hata kama hakuna sentensi moja inayofanana.

Utajuaje kipi alibuni na kipi alipokea? Tafuta matoleo mengine ya ngano hiyo, kisha uyaweke pamoja. Yanayojirudia kwa wasimulizi wasiojuana ni ya mapokeo. Lililo kwa mmoja tu, liache, maana huenda ni lake. Jihadhari hapa: vitabu vingi vya ngano vimechotana, kwa hiyo matoleo manne uliyoyakuta maktaba yanaweza kuwa toleo moja lililovaa majalada manne. Ndiyo maana masikio yanafaa kuliko rafu. Sisi wahariri nasi tunawabaini wachotaji kwa njia hiyohiyo. Mtu anasema ngano alisimuliwa na bibi yake, halafu ndani tunakuta kichekesho ambacho mwandishi fulani alikitunga mwenyewe, kiko palepale alipokiweka.

Kwa hiyo fuata ya shangazi. Ningekushauri hivyo hata kama sheria isingekuwepo. Wimbo wake ndio utakaokibeba kitabu. Mtoto wa miaka minne hashiki kisa kwa maelezo. Anakishika kwa kiitikio anachokisubiri, na katika kitabu cha picha chenye kurasa 24 au 32 kiitikio hicho kinakupa pa kumfanya afungue ukurasa unaofuata. Kitabu kinachochapwa kisomwe kimya huweza kuuacha wimbo. Msikilize shangazi akiwasimulia watoto, wala si akikueleza wewe peke yako mezani, kwa maana msimulizi akikosa wa kumwitikia hufupisha. Mrekodi kwa ridhaa yake. Andika anaponyamaza, anapobadilisha sauti, watoto wanapomkatiza. Mwulize wimbo aliupata wapi. Kama alifundishwa shuleni au aliusikia redioni, huenda una mtunzi, na hapo utarudi kulekule kwenye kuomba ruhusa. Mwisho wake nao usiurekebishe ili upate pa kubandika "hadithi hii inatufundisha". Hiyo sentensi naifuta kila ninapoikuta.

Makubaliano yenu yaandikwe kabla kitabu hakijapata mchapishaji. Usimulizi wake ni utendaji, na hakishiriki, ile haki inayokaa kando ya hakimiliki ya mtunzi, ipo kwa ajili ya watendaji. Jina lake liwe ukurasa wa mbele, na mgawo wake wa mrabaha, yaani malipo yatokanayo na mauzo ya kitabu, utajwe kwa namba. Taja pia jamii na eneo alikoipata ngano. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na ile ya Tanzania ya 1999 ina sehemu mahsusi kuhusu sanaa za jadi. Lakini hata bila sheria, kuandika "ngano ya Kiafrika" tu kwenye jalada ni kumfuta aliyekupa.

Sasa niwaambie na wengine wanaojiandaa kulipia warsha kama hiyo, kwa sababu asilimia 30 ina ndugu zake. Yupo anayewaambia muingize ngano ya mtu kwenye programu ya kompyuta, iandikwe upya, "isikamatike". Yupo anayeuza kiolezo: weka mnyama mjanja, weka mnyama mjinga, malizia na funzo, kitabu tayari kwa siku mbili. Na yupo anayewahimiza mkimbilie kusajili COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, kana kwamba usajili husafisha. Haki ya mtunzi huzaliwa kazi inapotungwa. Usajili ni ushahidi wa kukusaidia ukiwa na haki, na haumpi haki aliyechukua cha mwenzake.

Wanaouza hizo njia za mkato hawatasaini chochote. Utasaini wewe. Mikataba ya uchapishaji kwa kawaida ina kifungu ambacho mwandishi anatoa dhamana kwamba kazi ni yake halisi, na kwamba madai yakitokea atabeba gharama, pamoja na za mchapishaji. Warithi wakijitokeza baada ya nakala kuchapwa, zitaondolewa madukani na deni litakuwa lako, na hasara itamgusa hata mchoraji aliyekuamini. Kwa hiyo, Mwalimu, kama bado unakitamani kile cha 1978 kuliko cha shangazi, mwandikie mchapishaji wake barua kabla hujamlipa mchoraji hata shilingi, uulize haki ziko kwa nani. Jibu likikawia, mswada usubiri.