Programa wa miaka 43, nimeanza kupenda kuandika hadithi, nimechelewa?

Hujachelewa hata kidogo ndugu yangu. Andy Weir, yule mwandishi wa The Martian, naye alikuwa programa, hadithi yake hiyo alikuwa anaiweka bure sura moja moja kwenye tovuti yake, 2011 ndo akaiuza kama kitabu, na hapo ana miaka 39.

Mi kilichonitesa nilipoanza ni kufuta, sentensi moja naikarabati mara kumi kama vile natafuta kosa kwenye kodi ya programu ya kompyuta, saa sita usiku inafika ukurasa bado mweupe. Kodi mbovu haiendi, ila rasimu mbovu inaenda, we iache hivyo hivyo mpaka mwisho, kesho yake isome kwa sauti, pale ulimi unapojikwaa ndo pa kurekebisha. Na kazi usiache kwanza, nusu saa kabla hujafungua imeili inatosha kabisa.