Nyota zimeshuka, nianzie wapi? Majibu kwa wauzaji wa mtandaoni

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa watu wanaouza vitu mtandaoni na karibu zote zinaulizia nyota za wateja. Nimechagua tatu. Ya kwanza nitakaa nayo sana maana ndo yenye kazi.

SWALI: Dada habari ya kazi. Mi nauza viatu vya kina dada na mikoba kwenye soko moja kubwa la mtandaoni hapa Kenya. Nilikua na 4.7 kwa muda mrefu tu, alaf nikashtukia iko 4.2 na oda zimepungua sana. Kila asubuhi nikiamka kitu cha kwanza ni kufungua simu niangalie, na naona tu namba inashuka, sielewi nini kinaendelea. Wengine wananipa nyota moja hata neno hawaandiki. Najaribu kuuza vizuri lakini nimechoka. Hizi nyota mtu anazifuatilia vipi? – Muuza viatu, Nairobi

JIBU: Pole sana dadangu, najua inavyouma kuona namba inashuka na we unajua umepaki mzigo kwa mikono yako mwenyewe. Lakini naomba uanze kwa kuacha kuangalia hiyo namba kila asubuhi. Haikuambii kitu. Ile ni wastani, imechanganya viatu na mikoba, oda za wiki jana na za mwaka jana, mteja aliyechukia saizi na mteja aliyecheleweshewa mzigo, wote wamekorogwa pamoja ikatoka namba moja. Utaikodolea macho mpaka yaume.

Tufanye hesabu kidogo ndo utulie. Sijui una maoni mangapi, lakini tuseme ulikua na 100 kwa wastani wa 4.7. Kushuka mpaka 4.2 zinatosha nyota mojamoja 16 tu. Kumi na sita! Kwaiyo usidhani Nairobi nzima imekuchukia, ni watu wachache, na mara nyingi watu wachache wakija kwa pamoja hivo wanalalamikia kitu kilekile. Kazi yako ni kukijua hicho kitu. Alaf ujue pia kwanini kuzuia ni bora kuliko kutibu: ukitaka kukaa 4.8, kila nyota moja unayopewa inahitaji nyota tano 19 za kuifunika, wakati mtu akikupa nyota nne unahitaji tano 4 tu. Ndo maana mi nasema mtu wa nyota nne usimkimbize wala usimpigie kumsumbua, nguvu zako zote peleka kwa wale wa moja na wa mbili.

Sasa chukua daftari, au eksel kama unaiweza, mi sina shida na daftari la shule. Kila nyota ya moja, mbili au tatu inayoingia iandikie mstari wake: tarehe ya oda, tarehe mzigo ulifika, kiatu gani, saizi gani, rangi gani, umekitoa kwa mzigo upi wa supplaya wako, nyota ngapi, na maneno ya mteja kama alivyoyaandika yeye, usiyapambe. Mwisho weka sababu kwa neno moja. Kwa viatu sababu zenyewe ni chache sana, utaona zinarudiarudia: saizi, rangi haifanani na picha, gundi imeachia, umechelewa, umetuma kitu kingine. Ukiona sababu mpya iongeze lakini zisizidi sita saba la sivyo utapotea humo ndani.

Hapo kwenye tarehe ndo wengi wanakosea na nataka uniskize vizuri. Panga kwa tarehe ya ODA, usipange kwa tarehe ya maoni. Mteja anaagiza leo, mzigo unafika siku kadhaa baadae, anavaa jumapili kanisani, gundi inaachia, anakuja kuandika wiki ya tatu. Kwaiyo nyota unazoziona leo zinaongelea kazi uliyofanya zamani kidogo. Nimeona muuzaji anabadilisha supplaya vizuri kabisa, alaf nyota zinaendelea kushuka wiki mbili zaidi kwasababu ya mzigo wa zamani, anakata tamaa anarudi kwa supplaya mbaya. Ukipanga kwa tarehe ya oda utaona wazi kabisa tatizo lilianzia mzigo upi na likaishia wapi.

Kitu kingine, usihesabu malalamiko peke yake, yagawe kwa oda. Tuseme kuna sendo imeuza 300 na ina nyota mbaya 6, na kuna kiatu cha mchuchumio kimeuza 40 na kina nyota mbaya 4. Ukiangalia juujuu utaikimbilia sendo maana ndo yenye malalamiko mengi, kumbe sendo ni 2 kwa kila oda 100 na mchuchumio ni 10 kwa kila 100. Mchuchumio ndo unakuua. Mi hicho ningekitoa sokoni leoleo nikikague kimoja kimoja, hata kama kinauzika.

Na hao wasioandika neno? Waangalie kwenye zilizorudishwa. Mtu mvivu wa kuandika maoni bado akirudisha kiatu anachagua sababu, na hapo ndo siri iko. Weka marejesho kwenye daftari hilohilo. Kama soko lenu linaruhusu kumwandikia mteja ndani ya mfumo wao, muulize swali moja tu fupi, "samahani dada, kiatu kilibana ama kilipwaya?" Swali la namna hiyo linajibika. Ukimuuliza "tafadhali tueleze changamoto uliyoipata" hajibu mtu hapo.

Nikubahatishie, japo sijaona duka lako: kwa viatu vya kina dada wa kwanza kushukiwa ni saizi. Viatu vingi tunavyouza vinatoka China na 38 ya kiwanda hiki sio 38 ya kiwanda kile. Chukua rula, pima soli ya ndani ya kila saizi, andika sentimita kwenye maelezo na uweke picha ya hiyo rula ikiwa juu ya soli, picha ya pili kabisa, sio ya nane ambayo hakuna anayefika. Mteja apime mguu wake nyumbani. Kazi hii inachosha lakini ukiifanya mara moja umeifanya kwa kila mteja atakayekuja.

Jua pia soko linakupima kwa vitu gani, kwasababu nyota za bidhaa na alama ya muuzaji ni vitu viwili. Kwa mfano Jumia, ukifungua ukurasa wa bidhaa utaona alama ya muuzaji kwa asilimia, na chini yake utendaji wake umegawanywa: anatimiza oda kiasi gani, ubora wa vitu vyake, na wateja wanamkadiriaje. Amazon wao wanataka oda zenye kasoro zisifike asilimia 1. Kwaiyo unaweza kuwa na viatu vizuri kabisa, nyota tano, na bado ukashushwa kwasababu unakubali oda alaf unasema stoki imeisha. Hilo la stoki liangalie sana kama unauza kitu kilekile dukani na mtandaoni, jioni kabla hujafunga rekebisha idadi.

Kujibu maoni mabaya: jibu, lakini unajibu kwa ajili ya mtu wa kesho atakayesoma, sio kumshinda huyu aliyekasirika. Sentensi mbili tatu, umesikia nini, umerekebisha nini, basi. Usimwambie hakusoma maelezo hata kama kweli hakusoma. Ugomvi wa muuzaji na mteja una historia yake, eBay, soko la mtandaoni la Marekani, walianzisha mfumo wa maoni 1996 na muuzaji alikua anaweza kumpa mnunuzi alama mbaya vilevile, mpaka 2008 wakaondoa hiyo nafasi kwasababu wanunuzi walikua wanaogopa kusema ukweli wasije kulipiziwa. Mteja akiogopa kusema we unabaki gizani.

Na tafadhali usijitese na 5.0. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walitoa ripoti 2017 wakaonyesha kwamba uwezekano wa mtu kununua unakua juu zaidi kati ya 4.0 na 4.7, ikikaribia 5.0 unaanza kupungua kwasababu watu wanaona kama sio kweli. Wewe na 4.2 yako bado hujafa. Fungua daftari mara moja kwa wiki, jumatatu kwa mfano, kaa nalo nusu saa na chai yako, na siku nyingine zote piga kazi.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi niko Dar, nauza vitenge na magauni ya kushona kupitia Instagram na WhatsApp. Huku hakuna nyota kabisa. Wateja wanasema asante wanapotea. Nitajuaje kama wameridhika ama wameamua kuhama kimyakimya? – Mama Vitenge, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mama. Hali yako ni ya wauzaji wengi sana wa Tanzania. Jumia ilifunga Tanzania Novemba 2019, na hata ilipokuwepo watu wa Dar tayari walikua wanauziana Insta na kwenye magrupu, kwaiyo nyota za kuhesabiwa na mfumo hazipo, inabidi uzitengeneze mwenyewe.

Kipimo chako kikubwa ni mteja kurudi. Kwenye WhatsApp Business kuna lebo za rangi, mpe kila mteja lebo: amenunua mara moja, amerudi, amelalamika, gauni limerudi kurekebishwa. Mwisho wa mwezi hesabu waliorudi. Mtu wa vitenge anayeridhika lazima atarudi tu, kuna harusi, kuna kitchen party, kuna Idi na Krismasi, kwaiyo ukiona mwaka umepita na wateja wako wote ni wapya, hapo kuna kitu na ukitafute kwa nguvu.

Siku tatu nne baada ya gauni kufika mtumie ujumbe mmoja, "Dada habari, gauni limekukaa? Mabegani na kiunoni pakoje?" Mtajie sehemu ya mwili, maana ukiuliza "umelipenda?" Mtanzania kwa heshima yake atakujibu "zuri sana" hata kama kwapa linabana. Majibu yaandike pembeni ya jina lake pamoja na vipimo vyake na jina la fundi aliyeshona. Jina la fundi usilisahau kabisa! Malalamiko matano ya fundi mmoja ni jambo la kwenda kuongea nae, malalamiko matano yaliyotawanyika kwa mafundi watano ni labda vipimo vyako wewe unavyochukua kwa simu.

Skrinishoti za sifa unazoposti ni nzuri, zinasaidia, ila ficha namba na jina na picha ya mteja, na muombe ruhusa kwanza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya wana yao ya data ya 2019, na hata pasipokua na sheria mtu amekuandikia wewe peke yako, hajawaandikia wafuasi wako elfu ngapi.

SWALI: Dada, binamu yangu anasema niache kuhangaika, yeye anajua grupu la Telegram wanauza maoni, unalipa wanakupa nyota tano na maneno mazuri. Nauza spika na earphone, nimeanza juzi tu sina maoni hata kumi. Kila anayeanza si anafanya hivo? – Kijana wa Mombasa

JIBU: Hapana mdogo wangu, sio kila mtu, na nakuomba usifanye. Nakuelewa, kuanza bila maoni ni kugumu, mtu mmoja akikupa nyota moja ukiwa na maoni matano tu, yote ya nyota tano, unatoka 5.0 unaenda 4.3 siku hiyohiyo na inakuuma. Lakini masoko makubwa yanawafuatilia hawa watu, Julai 2022 Amazon iliwashtaki wasimamizi wa magrupu zaidi ya 10,000 ya Facebook yaliyokua yanatafuta watu wa kuandika maoni ya kulipwa. Marekani tangu Oktoba 2024 kuna kanuni ya serikali inayokataza kununua na kuuza maoni feki na faini yake inaweza kupita dola 50,000 kwa kosa moja. Kenya nayo ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inayokataza kumdanganya mnunuzi kuhusu ubora wa kitu. Duka likifungiwa, na pesa zako zilizoko ndani zinaweza kushikiliwa.

Na kuna hasara nyingine ambayo binamu hakukuambia, ambayo kwangu ndo kubwa zaidi. Ukishachanganya maoni ya uongo na ya kweli, daftari lako limekufa, hujui tena kama ile spika ya bluetooth inakata sauti au haikati. Umelipa pesa ili usijue hali ya biashara yako mwenyewe, na mteja wa kweli amenunua kitu kibovu kwa kukuamini wewe.

Fanya hivi. Kila earphone itest kabla ya kupaki, pande zote mbili, na kila spika iwashe kabisa. Ndani ya boksi weka kikaratasi kidogo chenye namba yako ukisema ikisumbua nipigie nitakubadilishia, angalia tu kwanza kama soko lako linaruhusu namba ndani ya mzigo maana mengine hayataki. Omba maoni kwa kila mteja bila kuchagua wale waliofurahi tu, na usimwahidi zawadi akikupa tano. Anza na bidhaa mbili tatu, usiweke thelathini kwa mpigo, maana oda zako chache zikitawanyika kila bidhaa itabaki na maoni sifuri, zikikusanyika kwenye spika moja utapata kumi za kwanza mapema na utajua cha kuongeza na cha kuacha.

Alaf mwonyeshe binamu yako haya majibu.