Uvimbe una chembe za kinga nyingi. Tusubiri?

SWALI: Shikamoo daktari. Dada yangu ana miaka 44, yupo Morogoro. Alichukuliwa kinyama kwenye titi la kushoto, majibu yakasema ni saratani isiyo na vipokezi vya homoni wala HER2, protini inayochochea seli kukua. Chini wameandika kwamba uvimbe umezungukwa na tishu ngumu ya nyuzi, na limfosaiti, yaani chembe nyeupe za kinga, zimeingia kwa asilimia 40. Jirani anayeuza virutubisho anasema hao ni askari wa mwili, wameshauzingira ugonjwa, tuwaongezee nguvu kwa unga wake miezi mitatu. Kisu kisiguse, eti kitaiamsha saratani. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Si kweli, na kwa aina hii ya saratani miezi mitatu ni mingi mno.

Hiyo tishu ngumu wengi huisoma kama ukuta uliouzuia ugonjwa. Ndani ya titi kuna faibroblasti, seli ambazo kazi yake ni kufuma nyuzi za kolajeni, hasa penye jeraha. Seli za saratani huzipelekea ishara kana kwamba pameumia, nazo hufuma bila kukoma. Mwaka 1986 Harold Dvorak, mwanapatholojia wa Marekani, aliuita uvimbe wa saratani kidonda kisichopona, na hadi leo sijaona maelezo mafupi yanayolipita hilo. Ugumu anaoushika dada yako kwa kidole mara nyingi ni nyuzi hizo zaidi kuliko seli za saratani zenyewe. Nikikata uvimbe wa namna hiyo maabara, kisu kinakwaruza; kwenye hadubini naona vikundi vidogo vya seli za saratani vimetapakaa katikati ya nyuzi. Nyuzi hizo hazizuii kitu. Zikinyooka kuelekea nje ya uvimbe, seli huzifuata hadi kwenye mishipa. Kwa hiyo anayejisifu kwamba mafuta yake "yamelainisha" uvimbe hajakueleza lolote kuhusu saratani.

Sasa hao askari. Limfosaiti nyingi katika saratani ya aina ya dada yako ni dalili njema, jirani hapo amebahatisha. Ila wema wake ni huu: wagonjwa wa namna hiyo kwa kawaida huitikia tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, vizuri zaidi. Ni sababu ya kuanza matibabu mapema, naye ameigeuza kuwa sababu ya kusubiri!

Hii "kuongeza kinga" ndiyo inayonichosha, maana naisikia kila wiki. Kinga ipi? Kando ya limfosaiti hizo huwa kuna makrofaji, nazo ni seli za kinga. Kazi yake halali ni kumeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa. Ndani ya uvimbe nyingi hugeuzwa: huchochea mishipa mipya ya damu iote, hutoa kemikali zinazoziita seli za saratani, na kuziongoza hadi ukutani mwa mshipa zipenye. Ukiziongezea nguvu hizo, umemsaidia nani? Hata limfosaiti zenyewe zinaweza kuwa zimefika uvimbeni na kuzimwa, kwa sababu seli za saratani na seli zilizo kando yake huonyesha protini iitwayo PD-L1 inayoziamuru zitulie. Dawa kama pembrolizumab huikata amri hiyo, na kwa saratani hii iliyofikia hatua ya pili au ya tatu kabla ya kusambaa, hutolewa pamoja na tibakemikali kabla ya upasuaji. Ni ghali, na si kila hospitali inayo. Tibakemikali yenyewe inapatikana, ianze.

Kuhusu kisu kuamsha saratani, hadithi hii imeua wengi. Mgonjwa anaanza kwa majani, anahamia kwenye mafuta ya kukanda, kisha dawa ya kuchoma inayokula ngozi hadi titi linatoa usaha. Anakuja hospitali ugonjwa ukiwa umeshafika kwenye mifupa au mapafu, anapasuliwa, anafariki, na mtaani wanasema kisu ndicho kilichomuua. Kinyama kinachochukuliwa kwa sindano hakibadili mwendo wa saratani. Bila hicho msingejua hata ni aina gani. Na anayeuza unga mmoja kwa saratani zote hajui, wala hahitaji kujua, kwamba kuna mama aliyekoma hedhi ambaye uvimbe wake unalishwa na estrojeni inayotengenezwa na seli za mafuta za titi hilohilo, na huyo tiba yake ni tofauti kabisa na ya dada yako.

Mpeleke kwenye hospitali yenye kitengo cha saratani wiki hii, Dodoma au Ocean Road, Dar es Salaam. Ombeni maabara iwape vioo na kipande cha nta chenye kinyama chake, asilazimike kuchomwa upya. Kama ameshaanza unga, aache, na abebe kopo lake amwonyeshe daktari: baadhi ya dawa hizo huumiza ini, na ini ndilo litakalopokea tibakemikali.