Maswali na Majibu: Mapicha ya Kihindi Kwenye Nchi za Vita

Barua nyingi safari hii zinauliza kuhusu filamu za Kihindi za mapigano, zile zinazosimuliwa Kashmir (eneo la milima linalogombewa na India na Pakistan), Iraq au Afghanistan. Nazijibu kwa zamu.

Picha kama Uri hupigwa Kashmir kwenyewe? (Msomaji, Tanga)

Uri, ya mwaka 2019, inahusu shambulio la Septemba 2016 kwenye kambi ya jeshi la India huko Uri, Kashmir, pamoja na kisasi kilichofuata. Lakini sehemu kubwa ilipigwa Serbia. Milima inafanana vya kutosha, na wanakijiji hawakurupuki usiku wakidhani vita vimewafikia tena. Mwongozaji Kabir Khan alithubutu: Kabul Express (2006) aliipiga Afghanistan, huku Taliban wakiwatishia na askari wenye silaha wakiwalinda.

Damu hurukaje mtu akipigwa risasi? (Msomaji, Kisumu)

Mfuko mdogo wa damu bandia hufichwa ndani ya shati pamoja na baruti kidogo inayolipuliwa kwa umeme. Siku hizi damu nyingi huongezwa kwa kompyuta, nami nafurahi, kwani baruti haina mzaha.

Wauguzi wa Tiger Zinda Hai waliokolewa kweli na komandoo? (Msomaji, Dar es Salaam)

Wauguzi walikuwepo, komandoo hakuwepo. Mwaka 2014 wauguzi 46 wa Kihindi, wengi wao wa jimbo la Kerala, kusini mwa India, walikwama hospitalini Tikrit, Iraq, kundi la wapiganaji la ISIS lilipouteka mji. Walipelekwa Mosul, na Julai wakaachiwa wakarudi Kochi, Kerala, bila uvamizi wowote wa kuwaokoa. Filamu ya 2017 ikampa kazi hiyo Salman Khan, na Iraq yake ikajengwa Abu Dhabi. Sina ugomvi na stelingi kumaliza jeshi zima peke yake. Raha ya picha la Kihindi ndiyo hiyo. Kinachoniuma ni wale wanawake. Wiki kadhaa walizingirwa na vita, halafu kwenye filamu kazi yao kubwa ikawa kusubiri kuokolewa.

Nasoma Pune, India. Mimi na wenzangu Wahindi tunaandika filamu ya mapigano ya Kashmir. Tuanze na nini? (Mwanafunzi kutoka Mombasa)

Mwanangu, kabla ya bunduki tafuteni Mkashmiri wa kuandika naye. Simaanishi kumwita siku ya mwisho asahihishe lafudhi. Akae nanyi mezani tangu ukurasa wa kwanza. Mwongozaji Vishal Bhardwaj aliiandika Haider (2014), filamu ya Kashmir, pamoja na Basharat Peer, mwandishi wa habari aliyezaliwa Kashmir, na inaonekana. Mtazameni yule mwanamume aliyesimama mlangoni kwake. Anasihiwa aingie, hasogei. Anapita mtu, anamdai kitambulisho, anampapasa mwili mzima kama askari wa kizuizi cha barabarani, anamruhusu. Hapo ndipo anaingia nyumbani kwake. Hakuna risasi hata moja, na miaka ya kupekuliwa umeiona yote. Tukio hilo chimbuko lake ni hadithi fupi ya mwandishi wa Kikashmiri, Akhtar Mohiuddin. Mtu wa mbali angeweka mlipuko pale.

Halafu andikeni adui mwenye mama, mwenye deni, mwenye sababu. Mkimfanya ndevu na kelele tu, hata mapigano yenu yatakosa hofu, maana mtazamaji atajua mapema nani anakufa.

Wakashmiri wenyewe huziona filamu hizi sinema? (Msomaji, Zanzibar)

Kwa miaka mingi hapana. Uasi dhidi ya utawala wa India ulipoanza, mwishoni mwa miaka ya 1980, wapiganaji walitishia majumba ya sinema ya Bonde la Kashmir yakafungwa. Mengine yakageuzwa kambi za askari. Srinagar, mji mkubwa wa bonde hilo, ilipata jumba jipya lenye skrini kadhaa Septemba 2022. Kwa hiyo kizazi kizima cha bonde lile kilijiona kwenye mikanda, televisheni na simu tu, kikichezwa na watu wa Mumbai. Mwanafunzi wa Pune, mkimaliza filamu yenu, iombeeni skrini moja Srinagar kwanza.