Mtoto kibonge mwenye pumu ya ngozi: chakula cha usiku mwachie

Dada wa Sakina, Arusha, umeuliza kama unene wa mwanao wa miaka 4 ndio unaomletea pumu ya ngozi, na kama ukimkatia chakula cha usiku atapona. Mimi si daktari. Nipo Moshi, na wangu alikuwa na vyote viwili.

Chakula mwachie. Uhusiano upo, ila haujanyooka. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2015 ulikuta watoto wanene wana pumu ya ngozi zaidi ya wenzao huko Amerika Kaskazini na Asia, lakini Ulaya haikuonekana hivyo. Mafuta yakizidi mwilini hutoa kemikali zinazoichokoza kinga ya mwili, hilo ni kweli. Ila ugonjwa huu unatembea na ukoo, na mtoto mwembamba kama fito anaupata vilevile.

Kwetu mzunguko ulikuwa huu: anajikuna usiku kucha, asubuhi yuko hoi. Akikimbia kidogo jasho linamuwasha, anarudi kwenye katuni. Bibi yake anamwonea huruma, anamletea juisi ya boksi na andazi. Kilo zinapanda! Ndiyo maana tulianza na ngozi. Kuoga haraka kwa maji ya vuguvugu, sabuni isiyo na manukato, kisha mafuta ya mgando mwili ukiwa bado na unyevu, na kurudia mchana, hasa baridi ya Juni na Julai. Dawa ya daktari tulipaka pale tu aliposema. Usingizi uliporudi, mpira nao ukarudi. Juisi ikawa maji (bibi alinuna), mtori ukabaki.

Sasa angalia mikunjo. Pumu ya ngozi kwa umri huo hupenda ndani ya kiwiko na nyuma ya goti, pakavu na pamekwaruzika. Ukiona ubichi na harufu chini ya shingo, kwapani au kwenye mapaja, huenda ni jasho na fangasi. Hapo zile tyubu za mchanganyiko wa dawa tatu, ambazo kila mtu mtaani anakushauri, zina steroidi, dawa ya kupoza uvimbe na muwasho: wekundu unatulia siku chache, huku chini fangasi wanatanuka. Na shingo ikiwa nyeusi, nene, haitakati kwa dodoki, acha kusugua. Mara nyingi ni dalili kwamba mwili hauitumii insulini vizuri, mwombe daktari ampime sukari.

Kama amewahi kupewa vidonge vya prednisoloni, sema. Vinaongeza hamu ya kula na uzito. Kliniki wampime na urefu, kwani chini ya miaka 5 unene unapimwa kwa uzito dhidi ya urefu, si kilo peke yake.

Ikishindikana huko, hospitali ya KCMC hapa Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, na Arusha hadi Moshi ni basi moja tu. Beba tyubu zote ulizompaka, hata zilizoisha.