Kichwa kinachouma saa ile ile: yaliyonikuta Mufindi

Dada wa Makambako, umeuliza kwa nini kichwa kinakuamsha saa kumi alfajiri karibu kila siku, na malaria umepima mara tatu hamna kitu. Changu kilikuwa saa kumi na moja kasorobo, ungeweza kurekebishia saa ya ukutani.

Nilikuwa kiwanda cha chai, wiki moja zamu ya usiku, wiki inayofuata mchana. Kilianzia nyuma ya jicho la kushoto, kinagonga kama mtu anatwanga kisamvu, taa ikiwashwa najifunika blanketi, kisha natapika. Mama mwenye nyumba akasema ni baridi ya Julai, nivae kofia. Nikavaa. Kikauma ndani ya kofia.

Daktari mmoja pale Mafinga akanipa kazi ya daftari: kimeanza saa ngapi, nimelala saa ngapi, chai vikombe vingapi, nimemeza nini. Baada ya wiki sita tukaona kinakuja siku mbili tatu za mwanzo baada ya kubadili zamu, na siku za mapumziko nikilala hadi saa nne. Akasema ni kipandauso.

Alivyonieleza, ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, haipothalamasi, inayotunza saa ya mwili. Giza likiingia, melatonini, homoni ya usingizi, hupanda, mwanga huishusha. Kortisoli, homoni ya kuuamsha mwili, huwa chini kabisa karibu na usiku wa manane, huanza kupanda kabla hujaamka, na hufika kileleni kama nusu saa baada ya kuamka. Alfajiri basi mwili unabadilisha gia, na kichwa chenye kipandauso hakipendi kubadilishiwa gia. Mimi nilikuwa naipindua saa hiyo kila Jumatatu!

Tena nilikuwa najiharibia mwenyewe. Dawa za maumivu nilimeza karibu kila siku, kumbe hata zile za kawaida ukizimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi zaidi ya mitatu, zenyewe huleta kichwa. Na chai ya rangi nzito ya usiku kucha, ukiikosa siku ya mapumziko, kesho yake kichwa kinaidai.

Nilimwomba msimamizi aniache zamu moja mwezi mzima (alinuna, akakubali), nikaamka saa ile ile hata Jumapili. Hakijaisha, ila sasa kinakuja mara mbili kwa mwezi.

Kwako andika na siku za hedhi, maana estrojeni, homoni ya kike, ikishuka kabla ya hedhi huamsha kipandauso. Mke wangu ndiye shahidi. Kama jicho la upande unaouma linatoa machozi, pua inachuruzika na huwezi kutulia kitandani, mwambie daktari hivyo hivyo, hiyo ni aina nyingine na hutulizwa kwa kuvuta oksijeni. Kikija ghafla kwa ukali usiowahi kuuona, au na homa na shingo kukakamaa, au mkono kulegea, achana na daftari, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa nijibu: unalala saa ngapi, na dawa unameza siku ngapi kwa wiki?